Rebmann wa Rabai: Aliona theluji, wakubwa wakamwita mzushi

Bila shaka umewahi kuiona ile klipu. Kuna mtu wa pwani, labda ni mtoto wa shangazi yako, labda ni rafiki wa shule, yuko Kanada au Norwei, na asubuhi anarekodi barabara iliyozama kwenye weupe mtupu. Mara linatokea lori kubwa lenye kisu cha chuma mbele, linasukuma theluji kando kama mtu anayefagia unga jikoni, huku nyuma likimwaga chumvi ili magari yasiteleze. Nyuma ya lori kuna tingatinga linalozoa marundo. Wewe uko Kilifi au Malindi, feni inazunguka, jasho linakutoka, na unaiangalia mara mbili tatu halafu unaisambaza kwenye kundi la familia. Hakuna anayekuuliza kama ni kweli.

Sasa fikiria huna klipu. Huna simu, huna kamera, huna hata mchoro. Umerudi kutoka safari ya bara ukiwa na maneno yako tu, na unataka dunia iamini kwamba umeiona theluji karibu kabisa na mstari wa ikweta, mahali ambapo jua linachoma mwaka mzima. Nani atakuamini?

Hilo ndilo lililompata Johannes Rebmann, na kisa chake kilianzia hapa hapa kwetu, Rabai, kaunti ya Kilifi. Ukishuka Mazeras kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, ukapanda matatu au boda ya kuelekea Kaloleni, unafika kabla hujamaliza soda yako.

Kijana wa shamba la mizabibu

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, kijiji cha wakulima wa zabibu karibu na Stuttgart, Ujerumani. Kumbuka jambo hili moja, kwa sababu baadaye litakuwa na uzito: alikulia kwenye theluji. Kila msimu wa baridi iliwaangukia. Tingatinga hazikuwapo enzi hizo. Watu walitoka na sepetu, wakafukua njia kutoka mlangoni hadi zizini, na barabara kubwa zilisafishwa kwa mbao nzito zilizokokotwa na farasi. Mtoto wa kule huijua theluji kama wewe unavyoijua mchanga wa pwani. Huhitaji profesa akueleze mchanga ni nini.

Alisomea kazi ya umisionari Basel, Uswisi, kisha London, akaajiriwa na chama cha kimisionari cha Kanisa la Uingereza, CMS. Mwezi wa Juni 1846 aliteremka Mombasa akiwa na miaka 26. Aliyempokea ni Mjerumani mwenzake, Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa ametangulia miaka 2. Krapf alikuwa mjane. Mkewe Rosine na mtoto wao mchanga walikufa kwa homa Mombasa, mwaka ule ule wa 1844 walipofika. Kwa hivyo Rebmann alijua tangu siku ya kwanza kwamba pwani hii haikuwa mahali pa kutalii.

Wawili hao walipanda vilima vya Rabai, wakaongea na wazee wa kaya, nao wazee wakawakubalia kukaa. Mwezi wa Agosti 1846 walihamia huko, wote wawili wakitetemeka kwa homa. Hivyo ndivyo kituo cha Rabai kilivyoanza. Ukienda leo utakuta makumbusho, kanisa la zamani, na nyumba ambazo bado zinaitwa kwa majina ya wazungu hao wawili. Msitu wa kaya uko jirani, nao tangu 2008 umo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia pamoja na makaya mengine ya Mijikenda.

Mwavuli na Bwana Kheri

Tarehe 27 Aprili 1848 Rebmann alianza safari ya kwenda Uchaga. Kiongozi wa msafara alikuwa Bwana Kheri, Mswahili mzoefu wa njia za biashara, na wachukuzi walikuwa wachache sana, hawakufika hata kumi. Misafara mingine ilibeba bunduki. Rebmann alibeba mwavuli.

Usicheke. Mwavuli huo ulimkinga mvua na jua, na ulieleza kitu kingine pia: huyu mtu hakuja kupigana. Hata hivyo watu wa Mombasa waliwaonya wasiusogelee mlima ule. Habari zilizozagaa mjini zilikuwa kwamba Kilimanjaro kuna majini, na kwamba waliojaribu kupanda hawakurudi, au walirudi wameharibika viungo.

Leo kutoka Mombasa hadi Taveta ni lami tupu, unalala kidogo kwenye basi na umefika. Wao walitembea kwa miguu wiki mbili. Walikata nyika isiyo na maji, wakapita milima ya Taita, wakalala nyuma ya boma la miiba wakisikiliza simba. Asubuhi ya tarehe 11 Mei 1848, wakiwa kwenye tambarare baada ya Taita, milima ya Uchaga ikaanza kuonekana. Juu ya mlima mmoja Rebmann akaona weupe unaong'aa.

Mwanzoni alidhani ni wingu. Akamuuliza kiongozi wake ule weupe ni kitu gani. Jamaa hakuwa na jina la kitu chenyewe, lakini alijua tabia yake, akajibu kwamba ile ni baridi. Neno moja tu. Mtoto wa Gerlingen akaelewa papo hapo. Ilikuwa theluji.

Tusimame hapa kidogo, kwa sababu vitabu vingi hupenda kusema kwamba Rebmann aliigundua theluji ya Kilimanjaro. Aligundua nini hasa, wakati kiongozi wake aliijua baridi ile kabla yake? Wachaga nao walikuwa na jina lake kitambo: waliita kibo. Walijua kwamba ukiichukua mkononi inageuka maji, na kwamba mito yao inashuka kutoka upande ule. Kulikuwa na kisa cha mtawala mmoja wa Machame aliyewahi kutuma watu wapande wakaichunguze. Wengi walifia huko, na aliyerudi alirudi mikono na miguu ikiwa imeharibiwa na baridi. Kumbe yale majini ya Mombasa yalikuwa na maelezo yake. Mtu aliyegandishwa vidole na hajawahi kusikia habari za kuganda, ataeleza vipi isipokuwa aseme ameshikwa na jini?

Alichofanya Rebmann ni kuunganisha ncha mbili. Alisikia walichojua wenyeji, akakilinganisha na alichokijua kwao, kisha akakiandika.

Profesa wa kiti

Habari hiyo ilichapishwa London mwaka wa 1849 katika jarida la CMS. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Kulikuwa na msomi mmoja Uingereza, William Desborough Cooley, aliyejulikana kama mtaalamu wa jiografia ya Afrika. Alikuwa hajawahi kukanyaga Afrika Mashariki, na hakuja kuikanyaga hadi kufa kwake. Maarifa yake aliyapata kwenye vitabu vya zamani na kwa kuwahoji watu waliofika London, akiwemo msafiri wa pwani hii aliyeitwa Khamis bin Othman. Kutokana na hayo Cooley alijichorea Afrika yake kichwani, na ndani ya Afrika hiyo theluji haikuwa na nafasi.

Basi akamrukia Rebmann. Alidai kwamba macho ya mmisionari yule hayakuwa mazuri. Alidai kwamba weupe aliouona ungeweza kuwa mawe meupe. Alidai kwamba maneno ya kiongozi wa msafara hayakuthibitisha lolote. Mwaka wa 1852 alitoa kitabu kizima kuhusu bara la ndani, akashikilia pale pale. Na kwa kuwa Cooley alikuwa na jina kubwa, wasomi kadhaa walimfuata. Krapf naye alipotangaza kwamba tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Ukambani, aliuona Mlima Kenya na weupe juu yake, waliokuwa wakicheka walicheka zaidi. Sasa wako wawili!

Wewe una jambo moja ambalo Cooley alikuwa nalo pia lakini hakulitumia: hesabu rahisi. Hewa hupungua joto kadiri unavyopanda, kwa wastani wa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000. Kilimanjaro ina urefu wa mita 5,895. Piga hesabu: ukianzia ufukweni kwenye nyuzi 30, ukifika kileleni umepoteza kama nyuzi 35. Uko chini ya sifuri, ikweta au hakuna ikweta. Wasomi wa Ulaya walijua tayari kwamba milima ya Andes kule Amerika Kusini ina theluji karibu na ikweta. Cooley hakukosa taarifa. Alichokosa ni unyenyekevu wa kumwamini mtu aliyekuwa pale.

Rebmann alirudi Uchaga mara 2 zaidi, na kila safari alizidi kuukaribia mlima. Safari ya tatu, mwaka wa 1849, alitaka kupenya hadi Unyamwezi. Alipofika Machame, Mangi Mamkinga alimpokea vizuri, kisha akaanza kudai zawadi, leo kitambaa, kesho shanga, hadi bidhaa zote za safari zikaisha. Rebmann alirudi Rabai mikono mitupu, mgonjwa, ndoto ya Unyamwezi imezimika. Hakusafiri tena safari kubwa ya bara.

Kukaa

Hapa ndipo maisha ya watu mashuhuri huwa yanachosha kusoma, kwa sababu hakuna tena simba wala mlima. Mimi naona hapa ndipo Rebmann anapovutia.

Krapf aliondoka mwaka wa 1853, afya imemshinda. Rebmann alibaki. Mwaka wa 1851 alikuwa amesafiri hadi Misri, akaoa huko mwanamke Mwingereza aliyeitwa Emma, wakarudi pamoja Rabai. Mtoto wao hakuishi. Waumini walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, na wakubwa wake Uingereza walianza kujiuliza kama kituo kile kina faida yoyote.

Yeye alikuwa akisikiliza. Alikaa na watu, akaandika maneno. Alikusanya maneno ya Kirabai na lugha nyingine za Mijikenda. Alikaa na mtu aliyeitwa Salimini, mtumwa aliyeletwa Mombasa kutoka upande wa Ziwa Nyasa, akamuuliza neno baada ya neno hadi likapatikana kamusi la lugha ya kwao, ambalo lilichapishwa mwaka wa 1877. Hebu wazia: mtu aliyeng'olewa kwao kwa nguvu, akauzwa, na bado kumbukumbu zake za nyumbani zikawa kitabu. Jina la Rebmann ndilo liko kwenye jalada. Maneno ni ya Salimini.

Kwa njia hiyo hiyo ya kuuliza na kusikiliza, yeye na mwenzake Jakob Erhardt walikusanya habari za wafanyabiashara na watumwa kuhusu maji makubwa yaliyoko bara. Mwaka wa 1855 ramani yao ilifika Ulaya. Ilionyesha ziwa moja refu ajabu, limejikunja kama konokono asiye na gamba. Watu wakacheka tena. Na safari hii, kusema kweli, ramani ilikuwa na kosa: walikuwa wameunganisha maziwa matatu, Nyasa, Tanganyika na lile ambalo baadaye liliitwa Victoria, wakafanya moja. Lakini kicheko kilizaa udadisi. Wazungu wengine wawili, Richard Burton na John Speke, wakatumwa kwenda kuhakikisha. Januari 1857 walipita Rabai wakamwomba Rebmann afuatane nao. Alikataa. Mwaka wa 1858 walifika Tanganyika, kisha Speke akafika ziwa la kaskazini.

Mwaka huo wa 1857 Wamaasai walivamia eneo la Rabai, na Rebmann na Emma wakakimbilia Zanzibar. Baadaye walirudi wakaanza upya. Emma alifariki mwaka wa 1866. Rebmann alibaki peke yake, mwanamume wa miaka 46, kwenye nyumba ya mawe juu ya kilima, na macho yakaanza kufifia.

Ukweli unafika umechelewa

Na theluji je?

Mwaka wa 1861 tajiri mmoja wa Kijerumani, Baron Carl Claus von der Decken, alifika Kilimanjaro pamoja na mtaalamu wa miamba Richard Thornton. Walibeba vyombo vya kupimia, na wakauona weupe ule kwa macho yao. Mwaka uliofuata Decken alirudi na Otto Kersten, wakapanda hadi kama mita 4,280, na usiku theluji ikawaangukia kwenye kambi. Utabishana vipi na theluji iliyoko kwenye blanketi lako?

Cooley alibisha. Hata hapo hakukubali. Lakini wengine waliacha kumsikiliza. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa Decken nishani ya dhahabu. Miaka 13 ilikuwa imepita tangu asubuhi ile baada ya Taita hadi mtu mwenye cheo na vyombo alipokwenda kusema kile kile.

Hilo ndilo linaloniuma katika kisa hiki, na huenda linakugusa na wewe. Umewahi kusema jambo nyumbani au kazini, likapuuzwa, halafu mkubwa akalisema wiki ijayo na wote wakatikisa vichwa? Rebmann hakuaminiwa kwa sababu hakuwa baron. Bwana Kheri hakutiliwa maanani kwa sababu hakuwa mzungu. Na Wachaga, waliokunywa maji ya theluji hiyo tangu mababu, hakuna aliyewauliza kabisa.

Mwaka wa 1875, baada ya miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja, Rebmann aliondoka Rabai. Wakati huo alikuwa kipofu. Aliyemshika mkono hadi Ulaya alikuwa kijana wa huku, Isaac Nyondo, mmoja wa Wakristo wachache aliowabatiza. Watu wa Gerlingen waliona kitu cha ajabu: mtoto wao aliyeondoka na macho mazima amerudi akiongozwa na Mwafrika. Madaktari walijaribu macho yake, haikusaidia. Alifariki tarehe 4 Oktoba 1876 mjini Korntal, akiwa na miaka 56. Macho ambayo Cooley alidai hayafai kweli yalizimika mwishoni, lakini yalipohitajika yaliona sawasawa.

Theluji inaondoka bila tingatinga

Sasa turudi kwenye klipu yako. Kule ughaibuni wanalipa madereva na matingatinga usiku kucha ili kuiondoa theluji barabarani. Kilimanjaro hakuna tingatinga lililowahi kupanda, na barafu inaondoka yenyewe. Kati ya 1912, ilipopimwa vizuri kwa mara ya kwanza, na 2007, asilimia 85 hivi ya eneo lililofunikwa na barafu ilipotea. Mwaka wa 2022 UNESCO ilionya kwamba barafu iliyobaki katika milima yake ya urithi Afrika, Kilimanjaro na Kenya ikiwemo, huenda ikaisha kufikia 2050. Wewe utakuwa hai. Utakuwa na umri wa wazazi wako sasa, labda zaidi kidogo.

Usidhani mlima ule uko mbali na wewe. Mto Tsavo unaanzia kwenye miteremko yake, unakutana na Athi, unakuwa Galana, na ukifika kwetu tunauita Sabaki, ule unaoingia baharini kaskazini mwa Malindi na kuyageuza maji kuwa mekundu msimu wa mvua. Mengi ya maji ya mlima hutoka kwa mvua na misitu kuliko barafu. Ila joto linaloila barafu ndilo hilo hilo linalovuruga mvua, na misitu ikikatwa mto hautauliza wa kulaumiwa ni nani.

Kila wanasayansi wanapotoa takwimu hizi, yuko Cooley mahali fulani, kwenye kiti chake, anayesema kwamba haiwezekani. Safari hii wenyeji wa miteremko ile wanasema wenyewe walichokiona: weupe ambao babu zao waliuona mpana, wao wanauona kama viraka. Kwa mara nyingine, walioko pale ndio wanaojua.

Kwa hivyo wikendi moja ukikosa la kufanya, nenda Rabai. Ingia makumbusho, zunguka nyumba zile za mawe, ongea na wazee wakueleze upande wao wa kisa. Halafu siku moja ukipata nauli, panda basi la Taveta, keti dirishani, na ukishapita Taita asubuhi kabla ya mawingu kupanda, angalia upande wa mlima. Piga picha. Andika na tarehe. Huenda wajukuu wako watakuuliza kama kweli ulikuwepo weupe pale, na utahitaji ushahidi.